Turbo ndogo au injini kubwa? Namna ya kuchagua pikapu ya kazi kabla hujalipa

Swali linakuja kila mara, na linakuja kwa maneno yaleyale: "Nataka pikapu ya kazi. Nichukue 2.4 mpya yenye turbo au nitafute 3.0 ya zamani? Na hii 4.2 ya Land Cruiser mbona bei haishuki?" Vijiweni majibu ni mawili. Wakongwe wa gereji wanasema injini ndogo inajichosha, haifiki mbali. Vijana wanasema kuhesabu cc ni mambo ya kale. Kila upande una hoja, ila hakuna anayekuuliza unabeba nini, unapanda mlima gani, na nani atakufungulia hiyo injini ikizima Jumapili jioni. Tutaanzia hapo.

Nazungumzia pikapu za dizeli tunazozijua huku kwetu: Hilux, Land Cruiser 79, D-Max na Ranger. Namba kama 2.4 au 3.0 ni ukubwa wa injini kwa lita; lita moja ni cc 1,000. Petroli nitaigusa mara moja tu.

Makundi matatu, si mawili

Watu husema "ndogo yenye turbo" na "kubwa" kana kwamba mambo yanaishia hapo. Sokoni utakuta makundi matatu.

Kuna kubwa zisizo na turbo: 1HZ ya Land Cruiser, cc 4,164 (hii ndiyo 4.2), silinda sita; na 5L ya Hilux za zamani, karibu cc 3,000. Kuna kubwa zenye turbo: 1KD ya Hilux (hii ndiyo "3.0 D-4D"), 4JJ1 ya D-Max, nayo 3.0, na 3.2 ya Ranger yenye silinda tano. Halafu ndogo za kisasa: 2GD ya Hilux (2.4), 1.9 ya D-Max, na 2.0 ya Ranger ambayo kuna toleo lake lenye turbo mbili. Hilux 2.8, yaani 1GD, imekaa katikati ya kundi la pili na la tatu.

Nadharia ni kidogo tu. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, nayo inashindilia hewa kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaungua, nguvu inapanda. Ndiyo maana 1HZ ya cc 4,164 inatoa nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita 285, wakati 2GD ya cc 2,393 inatoa 400 kwenye matoleo ya gia sita (ya gia tano mengine yamepunguzwa hadi 343). D-Max 1.9 inatoa 350. Hilux 2.8 ya kuanzia 2020 yenye gia otomatiki inafika 500. Kwa karatasi, mjadala umekwisha. Barabarani haujaisha, na sababu utaziona.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Risiti ya mizani ya mzigo wako wa kawaida. Makadirio ya macho hayatoshi.
- Fundi wako mwenyewe, asiyepata chochote kwa dalali.
- Mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kama injini ni ya kundi la pili au la tatu.
- Tochi, kitambaa cheupe, glavu, na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani.
- Asubuhi nzima. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika.

Hatua ya 1: Pima mzigo wako

Peleka mzigo wa safari moja kwenye mizani. Gunia la viazi la lumbesa, ambalo limekatazwa na bado lipo, linaweza kukudanganya vibaya. Ukihesabu magunia kumi ukadhani ni tani moja, huenda umeshavuka.

Pikapu nyingi za aina hii zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, abiria wakiwemo. Double cabin hubeba pungufu ya single cabin, kwa sababu bodi yenyewe ina uzito.

*Kosa la kawaida:* kununua injini kubwa ili ubebe tani mbili. Injini haiongezi uwezo wa springi, ekseli, breki wala fremu. Kama mizani inasema tani mbili kila safari, funga ukurasa huu ukatafute lori dogo kama Canter.

Hatua ya 2: Jua unafanya kazi kwenye mwinuko gani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mengi. Kadiri unavyopanda juu, hewa inapungua. Njombe, kwenye mita kama 1,900, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Nairobi na Mbeya hazipo mbali na hapo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Zile nyutoni mita 285 za 1HZ zinashuka kuelekea 230. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kwa hiyo ukipakia viazi Makambako au kabeji Limuru, turbo ni haki yako. Ukifanya kazi Bagamoyo, Lindi au Malindi kwenye tambarare, hoja hii haina uzito kwako.

Ila kuna upande wa pili. Turbo haiamki mpaka injini izunguke kiasi. Chini ya mizunguko kama 1,500 kwa dakika, 2.4 au 1.9 ni injini ndogo kama jina lake. Uking'oka kwenye tope ukiwa na mzigo, au ukipanda mwamba polepole, utalazimika kukanyaga resi na kuchezea klachi. 4.2 inang'oka kwa sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta. Na kwenye kuteremka mlima Kitonga na mzigo, injini kubwa kwenye gia ndogo inalishikilia gari zaidi kuliko ndogo. Mwenye 2.4 ashuke na gia moja chini ya aliyoizoea, asiachie breki kazi yote.

Hatua ya 3: Tafuta fundi kabla ya kutafuta gari

Nenda kwenye gereji zilizo karibu na unakofanya kazi, si zile za mjini wanakoishi ndugu zako. Uliza maswali matatu: Umeshafungua injini hii? Una mashine ya kuisoma? Nozeli zake, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zinapimwa wapi?

Kwa 1HZ na 5L karibu kila fundi atakujibu bila kufikiri. Pampu yake ni ya mitambo, umeme wake ni kidogo, na spana za kawaida zinatosha. Ndiyo maana Land Cruiser za 4.2 bado zimejaa kwenye mbuga, misheni na mashirika ya misaada, na ndiyo maana bei yake haishuki. Watu hawalipii spidi pale. Wanalipia kurudi nyumbani.

Kwa 2.4, 2.8, 1.9 na 2.0 dizeli inapita kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,500, na nozeli zinaongozwa na kompyuta. Fundi mzuri wa pampu za zamani anaweza asiguse kitu hapo. Si dharau, ni kazi nyingine kabisa. Kama mwenye mashine wa karibu yuko kilomita 300 kutoka ulipo, hiyo ni gharama na uiandike.

Hatua ya 4: Soma kibao, usisome stika

Stika ya "3.0 D-4D" inauzwa dukani. Kibao kilichopigiliwa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango ndicho cha kusoma. Kwenye Toyota, herufi za mwanzo za modeli zinakutajia injini:

- LAN: injini ya familia ya L, kama 5L, bila turbo
- KUN25: 2KD, 2.5 yenye turbo
- KUN26: 1KD, 3.0 yenye turbo
- GUN125 na GUN126: 2.4 na 2.8
- TGN: petroli
- HZJ79, VDJ79, GDJ79: Land Cruiser ya 4.2, ya V8 4.5, na ya 2.8

Linganisha na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe na iliyo kwenye kadi. Injini zilizobadilishwa ni nyingi, na si zote ni mbaya, lakini lazima kadi ijue.

Dokezo moja: ukiambiwa Hilux ya 2010 "iliuzwa mpya Japani", uliza tena. Hilux iliacha kuuzwa Japani 2004 na ikarudi 2017. Hiyo ya 2010 huenda imetoka Uingereza, Thailand au kwingineko, na ilikotoka ni muhimu. Gari la dizeli la miaka ya karibuni la Uingereza au Australia mara nyingi lina filta ya masizi kwenye ekzosi. Filta hiyo inahitaji safari ndefu za moto ili ijisafishe. Ukiipeleka kwenye kazi ya mjini ya kuwasha na kuzima, itaziba.

Kuhusu petroli, Hilux 2.7 (2TR) haina turbo, ni ngumu kuiua na ni rahisi kutengeneza, lakini inakunywa. Kama kilomita zako ni chache na hutaki habari za nozeli, ni chaguo la heshima kabisa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka mzima

Tuseme unatembea kilomita 2,000 kwa mwezi, na injini ndogo inakuokolea lita 3 kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 60. Kwa lita ya shilingi 3,000 umeokoa 180,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Sasa ulizia bei ya turbo na nozeli nne za injini hiyo kwenye duka unaloliamini, kisha ugawanye kwa akiba hiyo. Ukipata mwaka mmoja na nusu, injini ndogo inajilipa hata ikikusumbua mara moja. Ukipata miaka mitano, fikiri upya.

Mwenye kilomita 500 kwa mwezi asisumbuke na hesabu ya mafuta. Kwake hali ya gari ni kila kitu.

Weka pia belti. 1HZ, 5L na 1KD zinatumia taimingi belti. GD na 4JJ1 zinatumia mnyororo. Ukikosa ushahidi wa belti kubadilishwa, hesabu kwamba haikubadilishwa.

Hatua ya 6: Kagua injini ikiwa baridi

Hapa usiharakishe. Weka mkono kwenye injini kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, na una haki ya kurudi kesho.

a) Chomoa stiki ya oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Kuwa nzito kama lami si kawaida. Ikiwa juu ya alama na inanuka dizeli, nozeli inavuja ndani, au filta ya masizi inashindwa kumaliza kujisafisha.

b) Finya mpira wa juu wa rejeta. Gari lililolala usiku kucha halitakiwi kuwa na mpira mgumu. Ukiwa mgumu, gesi ya silinda inapita kwenye maji.

c) Washa. Sikiliza sekunde kumi za kwanza. Mlio mkali wa kugonga unaotulia injini ikipata joto, pamoja na moshi mweupe unaochoma macho, unaelekeza kwenye nozeli.

d) Injini ikiwa kwenye sailensa, legeza mfuniko wa oili na uulaze kinyumenyume juu ya tundu. Ukitetemeka kidogo, sawa. Ukirushwa, ringi za pistoni zimechoka.

e) Zima, subiri ipoe, kisha toa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo. Ingiza vidole na ushike shafti katikati. Kucheza kidogo sana pembeni kunakubalika. Kucheza mbele na nyuma, au mapanga kugusa ukuta, hakukubaliki. Pitisha kitambaa cheupe ndani: unyevunyevu wa oili si hoja, oili inayotiririka ni hoja.

f) Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa, iache itulie dakika kadhaa. Maji yatakaa chini. Kwenye 1HZ maji ni usumbufu. Kwenye injini za kisasa yanaua pampu na nozeli zote kwa pamoja.

Kwa 1KD kuna kipimo cha ziada, na mnunuzi wa 3.0 asikiruke. Washa (vipete bapa) za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, gesi ya silinda inavujia kwenye oili. Oili inageuka masizi, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku stiki ikionyesha imejaa. Muombe muuzaji ruhusa ya kufungua sampo, au angalau risiti ya washa kubadilishwa. Chujio likiwa safi, hiyo injini bado ina kazi ya kufanya. Likiwa limezibwa na utando mweusi, punguza bei kwa kiasi cha kutosha au uondoke.

*Kosa la kawaida:* kuridhika kwa sababu taa ya injini haiwaki. Washa ufunguo bila kuwasha gari. Taa lazima iwake kwanza, halafu izime injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa imefichwa.

Hatua ya 7: Lijaribu na mzigo, mlimani

Pikapu tupu ni nyepesi kwa injini yoyote. Pakia mifuko ya saruji au watu, tafuta mlima mrefu, panda gia ya tatu. Yenye turbo inatakiwa ikuvute kwa nguvu kuanzia mizunguko 1,600 hadi 1,800 bila moshi mzito. Tazama geji ya joto mpaka juu kabisa, kisha dakika mbili baada ya kusimama. Wengi hutazama wakati wa kupanda tu.

Hatua ya 8: Amua

Kama wewe ni mkulima au mfanyabiashara wa nyanda za juu, barabara ni lami na vumbi, mzigo ni tani moja na mwenye mashine yuko mji wa jirani, chukua turbo ya 2.4 hadi 3.0. Kati ya 2.4 yenye historia na 3.0 isiyojulikana ilikotoka, mimi nachukua 2.4 bila kubishana.

Kama ni kazi za mji na mizigo myepesi, 1.9 inatosha, na watakaokucheka hawakununulii mafuta.

Ukivuta trela au kupanda na mzigo kamili kila siku, panda hadi 2.8 au 3.0. Si kwamba ndogo haiwezi. Itaweza, ila itakuwa imekazwa muda wote, na joto ndilo linaloua turbo.

Kama kazi yako ni porini, mahali ambapo dizeli inatoka kwenye pipa na fundi ni yule mliyeongozana naye, lipa bei ya 4.2 na uwe na subira milimani.

Ukishanunua yenye turbo

Badilisha oili kila kilomita 5,000 ukifanya kazi kwenye vumbi, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya mlima mrefu, acha injini izunguke sailensa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Asubuhi usipige resi mpaka oili ipande. Jaza dizeli kwenye sheli yenye mauzo mengi, na mwaga maji ya filta kila wiki.

Usikubali mambo mawili: kuongezewa nguvu kwa programu kwenye injini iliyotembea sana, na kufungiwa turbo kwenye 1HZ kwa sababu jirani amefunga. Pistoni zake hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Wapo wanaofanya na wakadumu, lakini kwa kupima joto la ekzosi na kubana dizeli, si kwa kubahatisha.

Ikisumbua

*Haivuti, moshi mweusi.* Anza na filta ya hewa, kisha mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Mpira uliopasuka hutoa mluzi wa hewa ukikanyaga, na pembeni yake utaona oili imetapakaa. Usibadilishe turbo kabla ya kukagua mipira.

*Haivuti, hakuna moshi, taa imewaka.* Kompyuta imebana nguvu kulinda injini. Filta ya dizeli kwanza, halafu mashine. Kuchomoa betri kunafuta taa tu.

*Moshi wa bluu baada ya kukaa sailensa muda mrefu.* Sili za turbo au za valvu. Toa mpira wa turbo uangalie kabla ya kufungua silinda hedi.

*Inachemsha mlimani tu.* Tazama katikati ya intakula, kondensa ya AC na rejeta. Matope na makapi hukwama hapo, na kwa nje huoni kitu. Osha kwa maji ya kawaida kutokea nyuma, si kwa presha kali inayolaza mapezi. Kisha pima klachi ya feni.

*Sauti ya king'ora inayopanda na resi.* Beringi za turbo zinaisha. Simama. Vipande vya mapanga vikiingia kwenye silinda, bei inakuwa ya injini nzima.

*Injini inapanda resi yenyewe, ukizima ufunguo haizimi.* Inaunguza oili yake inayopita kwenye turbo. Gari la gia za mkono: kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa kabisa, achia klachi mpaka izime. La otomatiki: ziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono. Ikishindikana, watu wote wakae mbali.